Siku Daraja Tupu Lilipofunga Barabara ya Thika

Nyinyi vijana mnaoendesha magari yenye redio ndani, na mkikwama kidogo pale Ruiru mnalalia honi kana kwamba ndiyo inayosukuma gari, hebu zimeni injini mnisikilize. Petroli yenyewe mnaichoma bure. Anayewaambia haya alisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili alilimaliza kwa kutoroka. Lakini leo nina nyumba ya mawe Kamenu, pale Thika, nina malori matatu, na bado wahandisi wenye vyeti ukutani hupita kwangu kuniuliza, "Mzee Barasa, kwa nini magari yanajaa pale?" Nawaambia. Wanatikisa kichwa, wanakunywa chai yangu, wanakwenda zao kupima upya.

Basi naandika mwenyewe. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini barabara naijua.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtu wa bendera katikati ya Thika na Ruiru. Msicheke. Mtu wa bendera si mti uliovishwa kofia. Lori limebeba mawe, breki zake ni sala tu, dereva wake hajalala tangu juzi, na linasimama kwa sababu mtu mmoja ameinua kitambaa chekundu. Mimi nimesimamisha mabasi, nimesimamisha landrova za polisi, nimesimamisha hata maiti akienda kuzikwa. Ndugu zake walinitukana kwa lugha tatu. Marehemu peke yake ndiye hakuwa na haraka.

Kazi yenyewe niliipata kwa koo. Nilitoka upande wa Bungoma na shati moja, nikaanza kukata mkonge, nikaona mkonge unanikata mimi zaidi. Nikahamia kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara, nikabeba kokoto kwa karai. Siku moja lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea kwenye kivuli walikolala wenzangu saa ya uji. Nilipiga kelele moja tu. Lori likasimama, waliolala wakaamka, na ng'ombe wa shamba la jirani wakavunja ua wakakimbia. Fundi mkubwa akaja akanitazama kooni.

"Sauti hii iko yako?"

"Ni yangu, bwana."

Akaninyang'anya karai, akanipa bendera.

Fundi huyo alikuwa Kalasinga, kilemba chake safi hata siku ya vumbi, nasi tulimwita Bwana Pima kwa sababu hakuna kitu ambacho hakukipima. Alikuwa na rula ya mbao ya kukunja, inakaa mfukoni mwa shati. Alipima lami, alipima mtaro, alipima mkate wetu akasema mwenye duka anatuibia. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo, na mtu wa namna hiyo ni taabu sana kumdanganya kwa sababu unajisikia vibaya baadaye. Hilo mtaliona.

Sasa daraja. Kabla ya kufika Ruiru ukitoka Thika kulikuwa na bonde, na ndani ya bonde daraja la zamani. Kampuni ilipokuwa ikilipanua ilifunga upande mmoja, kwa hiyo magari yalipita kwa zamu: sasa wa Thika, sasa wa Ruiru. Mimi nilisimama upande wa Thika. Upande wa Ruiru alisimama Mzee Ramadhani. Katikati yetu kulikuwa na kona na mikaratusi mingi, hatuonani. Hata sauti yangu, ile ya kuvunja ua, haikufika, kwa sababu ya mashine ya kusaga kokoto kule chini.

Nitajuaje kwamba mwenzangu amefunga kwake ili nifungue kwangu? Hapo ndipo kilipokuja kijiti.

Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa reli kabla ya kuja kwetu. Baba yake alitoka upande wa Sudan, mama yake Mkamba, yeye mwenyewe alizaliwa karibu na stesheni na alilijua gari moshi kuliko alivyomjua mkewe, mkewe mwenyewe alisema. Alituambia kwamba kwenye reli, njia ikiwa moja, dereva haingii mpaka apewe mkononi kipande cha chuma, na kipande kiko kimoja tu. Ukikosa chuma, hata kama njia ni nyeupe mpaka Mombasa, husogei. Basi akachonga kijiti cha urefu wa futi moja, akakipaka rangi nyekundu ile ya mapipa. Nikishapitisha magari yangu, la mwisho nampa dereva wake kijiti, namwambia: mpe mzee aliye upande wa pili. Mzee akikipokea anajua njia ni tupu, anapitisha wake, na wa mwisho wao ananirudishia. Mwenye kijiti ndiye mwenye daraja. Hakuna simu, hakuna saa, hakuna kubishana.

"Na nikikosa kijiti?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Unakaa."

"Mpaka lini?"

"Kwani unakwenda wapi, Barasa? Wewe kazi yako ni kusimama."

Aliniambia na sharti jingine, nami nilisikia kwa sikio moja. Alisema: usimpe kijiti mtu ambaye huwezi kumwambia kazi ya kijiti hicho. Mpe dereva unayeweza kumtazama usoni ukamwambia "wewe, usikitupe". Kama humwezi, mtu huyo si wa mwisho, ni wa katikati. Tafuta mwingine awe nyuma yake.

Kabla sijawaeleza nilivyoliharibu sharti hilo, niwaambie kwanza kwa nini magari hujaa, maana ndicho mnachoniuliza kila siku. Mtu akiniambia magari yamekuwa mengi, najua huyo hajawahi kusimama barabarani. Siku zile magari yalikuwa machache na foleni ilikuwa ndefu vilevile. Sababu ya kwanza ni mahali pembamba. Kila barabara ina koo lake, na ukipanua sehemu nyingine zote ukaliacha koo, umewaharakisha watu kufika kwenye kukwama. Ya pili ni king'ora. Viwanda vya Thika vililia vyote saa moja asubuhi, kwa hiyo kila mwenye baiskeli, kila mkokoteni, kila lori la wafanyakazi lilitaka kupita dakika ileile. Nilimwambia Bwana Pima: kimoja kilie saa moja, kingine saa moja na nusu, utaona barabara inavyopumua. Akasema hiyo si kazi yetu. Mpaka leo sijaona aliyejaribu, na rai hiyo siwatozi kitu.

Ya tatu ni polisi. Ilikuwa bado Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na askari walizuia magari kukagua vipande, yaani vitambulisho, hasa vya Wakikuyu. Basi moja lilichukua muda wa kuchemsha maharagwe, na askari hawakuona haya kuweka kizuizi chao juu ya kilima ambapo lori likisimama haliwezi kuondoka tena bila kusukumwa.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni mtu anayejiona hapaswi kungoja. Anatoka kwenye mstari, anaingia upande wa wanaokuja, anafika mbele, anabanwa. Wa pili anamwona mjanja, anamfuata. Sasa mna mistari miwili ikitazama mdomo mmoja, na wanaotoka hawana pa kutokea. Hapo hata ungeleta jeshi. Na siku zile mtu wa kutongoja alikuwa na ruhusa ya kuzaliwa nayo: gari la Mzungu halikai nyuma ya lori la mkonge. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo, lakini jaribu uone. Yeye anapita pembeni mpaka mbele, na wewe wa bendera unapiga saluti. Sisi wote tulilijua hilo kama tunavyojua mvua.

Tena msidhani foleni ina hasara kwa wote. Maziwa yalifika Nairobi yameganda, ndiyo. Mananasi yaliiva juu ya lori mpaka nyuki wakawa abiria. Wafanyakazi walikuta geti la kiwanda limefungwa wakarudi nyumbani na siku yao mkononi. Bwana harusi mmoja alivuka daraja akakuta wageni wamekwisha kula, na wajomba wa bibi wameanza kuuliza kama kuna mwingine. Lakini Mama Njeri alinona. Huyu alikuwa Mkikuyu mmoja aliyeuza uji na viazi vitamu upande wangu, sufuria yake kubwa juu ya mafiga matatu. Foleni ikiwa fupi ananinunia.

"Wewe Mluhya, leo unawapitisha mbio namna hiyo, uji wangu nani atakunywa? Bendera yako imeungua?"

"Mama, wana haraka."

"Haraka ya kwenda kufa. Wacha wanywe kwanza."

Siku hiyo sasa. Ilikuwa Ijumaa. Bwana Pima alikuwa ameniambia Jumatatu yake kwamba mhandisi mkubwa, Mzungu, atakuja Ijumaa kuangalia daraja, na kwamba kampuni inataka nyapara mpya. "Foleni fupi, wewe nyapara. Foleni refu, wewe karai." Ndivyo alivyosema. Nyapara alikuwa na nyumba ya bati ya vyumba viwili, na mimi nilikuwa nimemwandikia mke wangu Nafula barua, au tuseme niliandikiwa, nikimwambia aje na watoto, nyumba iko. Haikuwepo bado. Ilikuwa inategemea ile Ijumaa.

Mzee Ramadhani naye alikuwa na lake. Majuma machache nyuma alikwenda kuswali adhuhuri na kijiti mfukoni mwa koti, akakisahau, na magari yakasimama pande zote mbili mpaka alipomaliza na dua. Bwana Pima alimwonya: kijiti kikipotea tena, toa familia kwenye nyumba ya kampuni. Mzee alikuwa na mke na binti wawili katika nyumba hiyo, pale pale Ruiru, karibu na mto. Kwa hiyo tangu siku ile kila akipokea kijiti alikishika mkononi mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba mshumaa.

Asubuhi ilikwenda kama maji. Mimi nilikuwa nimefua bendera na kupaka viatu mafuta ya taa. Nikapitisha kundi langu, la mwisho lilikuwa lori la mkonge, dereva wake nimemwambia asimame kidogo nimpe kijiti. Mkono wangu uko hewani, kijiti kiko ndani ya mkono. Mara likatokea gari dogo la rangi ya kijani, limepita foleni yote pembeni, ndani memsahib, bibi wa Kizungu mwenye shamba moja la kahawa, kofia kubwa, na kando yake mbwa mkubwa wa manyoya amekaa kama bwana wake.

Mnaona shida yangu? Kumzuia siwezi. Lori la mkonge limekwisha kuziba mdomo wa daraja, lazima litangulie; kwa hiyo nikimwacha apite, yeye ndiye wa mwisho, na kijiti ni cha wa mwisho. Ningeweza kumfanya wa katikati: kuchukua lori jingine moja la nyuma, kuliingiza nyuma yake, kumpa dereva huyo kijiti. Mzee alikuwa ameniambia. Lakini lori lililofuata lilikuwa zito na la polepole, na mimi nilitaka daraja lipitike haraka siku hiyo kuliko siku zote. Nikalipungia lori la mkonge liende. Nikapiga saluti, nikaingiza kijiti dirishani. Maneno ya Kiingereza niliyokuwa nimejisifia nayo kambini mwaka mzima hayakutoka hata moja. Wala ya Kiswahili.

Memsahib alikiangalia kijiti, akaniangalia mimi, akacheka vizuri sana. "Asante. Yeye napenda fimbo." Na mbwa akakipokea kwa meno, kwa heshima kabisa, wakaondoka.

Nilijiambia atakitoa kule mbele. Mzee atamsimamisha. Mzee, kama mlivyokwisha kujua, alimwinulia mkono, na memsahib akampungia naye mkono, akaendelea na safari yake ya Nairobi.

Sasa oneni maajabu. Daraja ni tupu. Njia ni nyeupe. Mzee Ramadhani upande wake hana kijiti, kwa hiyo hapitishi mtu. Ni mtu wa reli, angekaa hapo mpaka ndevu ziote majani. Mimi upande wangu sina kijiti, kwa hiyo nangoja kitoke kwake. Ndege walikuwa wanatembea juu ya daraja. Nyani angeweza kuvuka na familia yake. Na pande zote mbili magari yakazidi, yakazidi, mpaka mkia wa kwangu ukapotea nyuma ya kilima.

Madereva wakaanza.

"Bendera, unangoja mvua?"

"Nangoja kijiti."

"Kijiti kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Kimepanda nini, kobe?"

Mama Njeri alikuwa anamimina uji mikono miwili. "Msimsumbue kijana," aliwaambia. "Leo amejifunza kazi."

Kisha mmoja akatoka kwenye mstari. Niliwaambia. Lori la mananasi, likaja upande wa kulia mpaka mbele. La pili likafuata, halafu basi, halafu kila mwenye gurudumu. Nilitukana mpaka sauti ikakauka, na sauti ikikauka mtu wa bendera ni kitambaa tu. Upande wa Mzee wakafanya vivyo hivyo. Ndani ya saa moja midomo yote miwili ya daraja ilikuwa imezibwa kwa mistari miwili, na katikati hakuna hata baiskeli.

Bwana Pima akafika kwa pikipiki, akapitia ukingoni mwa mtaro. Alisimama akatazama daraja tupu. Alitoa rula, akairudisha. Sikuwahi kumwona akikosa cha kupima.

"Kijiti wapi?"

Hapa sasa nasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi, na nikilisimulia baa nilikuwa nalipinda. Nilimwambia, "Nilimpa dereva wa mwisho, bwana. Lori la mkonge. Muulize Mzee."

Halikuwa neno refu. Bwana Pima alikunja uso, nikaona anakumbuka ile siku ya swala. Akavuka daraja kwa miguu, peke yake. Aliporudi alisema Mzee anaapa hakupewa kitu na lori la mkonge. "Yeye sahau tena. Jioni yeye toa vyombo nyumba." Alisema taratibu, hakufurahia. Mimi nilitazama viatu vyangu vilivyopakwa mafuta.

Akavunja tawi la mkaratusi liwe kijiti kipya, lakini mnajua tayari: kijiti hakifungui mdomo uliozibwa. Kila dereva alitaka mwenzake arudi nyuma kwanza. Na hapo, niseme nisiseme, nilifanya kazi ambayo hakuna mhandisi ameifanya mpaka leo.

Watu wote huenda mbele ya foleni kupiga kelele, kwa kuwa ndiko kunakoonekana kukwama. Wa mbele hawezi chochote, ana magari mia nyuma yake. Foleni hufunguliwa mkiani. Nilikimbia mpaka gari la mwisho kabisa nyuma ya kilima, la yule aliyeingia upande wa kulia punde tu, ambaye bado ana nafasi ya kurudi na bado ana haya. Nikambembeleza arudi kwenye mstari. Halafu aliyekuwa mbele yake. Halafu wa tatu. Mmoja mmoja, kama kufumua sweta. Tatizo, kila nikifungua nafasi, anakuja mjanja mwingine kutoka Thika anaiona, anaingia.

Nikarudi kwa Mama Njeri. "Mama, nisaidie. Hamisha sufuria uiweke kule mkiani, katikati ya upande wa kulia."

"Barabarani? Nigongwe?"

"Nani atagonga sufuria yako?"

Alifikiri. "Ni kweli. Hawawezi." Akachukua mafiga, wanawake wenzake wakachukua vikapu vyao vya viazi, na mkokoteni wa punda ukakokotwa, wakakaa mstari mmoja katikati ya lami kama wako sokoni. Dereva aliyejaribu kupita aliambiwa mambo ya mama yake kwa Kikuyu safi, akarudi nyuma mwenyewe bila kusukumwa. Tulifumua foleni ile kutoka mkiani mpaka mdomoni. Nilipofika mbele shati lilikuwa limenishika mgongoni, upande wa kulia uko wazi, na Bwana Pima akanipiga bega. "Leo wewe mtu." Halafu akasema, "Mhandisi nachelewa, yeye pia kwama. Akifika takuta safi. Wewe nyapara."

Mnaona? Nilikuwa nimeipata. Nafula na watoto na vyumba viwili.

Lile tawi likatumwa kwa Mzee, zamu ikawa ya upande wa Ruiru. Magari yakaja, mabasi, mikokoteni, na katikati yao gari dogo la kijani likirudi kutoka Nairobi, memsahib na kofia yake, mbwa na uso wake wa kiungwana. Mdomoni mwa mbwa hakuna kitu. Likapita. Mwisho kabisa likaja lori la maziwa, dereva wake akanikabidhi kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mzee wa ng'ambo anasema huu ni mzigo wako," alisema. "Anasema usiuguse kabla ya kutafuta maji ya kunawa. Yeye mwenyewe ameukamata kwa jani. Amembadilishia mbwa kwa mandazi."

Nikafungua. Kijiti chetu chekundu, rangi imebanduka, kimelowa, ncha moja imetafunwa mpaka imekuwa mswaki.

Mzee alikuwa amejua. Alikiona kijiti kinatoka kwenye gari la memsahib na akajua kilikoingilia. Angeweza kukichukua mwenyewe, avuke, ampelekee Bwana Pima mbele yangu. Badala yake alifanya kama anavyofanya siku zote: alikipa gari la mwisho kinifikie mimi. Bwana Pima alikuwa kando yangu. Alitoa rula. Akakipima pale pale kwenye jani.

"Hii ilikuwa futi moja. Sasa pungua vidole viwili. Nani iko kula?"

"Mbwa, bwana."

"Mbwa ya nani?"

"Wa memsahib."

"Nani napa memsahib?"

Madereva wa mbele walikuwa wametoa vichwa madirishani kusikiliza. Siku nzima hawakutaka kunisikiliza, wakachagua dakika ile. Ningeweza kusema memsahib alimnyang'anya dereva wa mkonge. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, nalijua ladha yake. Lakini kijiti kilikuwa mkononi mwangu, na mtu wa mwisho ndiye mwenye kijiti.

"Mimi," nilisema. "Mzee hajapoteza kitu. Nilikudanganya."

Bwana Pima alikunja rula, pande moja baada ya jingine. Hakunitukana. Alisema, "Karai," akaenda kumngoja mhandisi.

Mnataka kujua mhandisi alifanya nini? Alisikiliza yote, na hapo akakwama kuliko magari. Kumfukuza mtu angeandika sababu, na sababu ilikuwa kwamba memsahib alipita foleni, na neno hilo siku zile halikuwa na kalamu ya kuliandika. Kwa hiyo hakufukuzwa mtu. Iliandikwa kwamba kijiti kililiwa na mbwa, na wiki iliyofuata tukaletewa dawa: kijiti cha chuma, kizito, ambacho mbwa hawezi kukitafuna. Magari ya kupita pembeni yaliendelea kupita pembeni. Ndiyo maana nikiwasikia wakubwa wa leo wakitangaza dawa ya foleni, huuliza kwanza kama ni ya foleni au ya mbwa.

Unyapara ulikwenda kwa mtu mwingine, mimi nikarudi kwenye karai, na Nafula aliandikiwa barua nyingine. Nilikuja kuupata baadaye, na mengi zaidi ya huo, lakini kwa mgongo wangu. Ile njia ya mkiani Bwana Pima aliifanya kanuni ya kazi, na sufuria ya Mama Njeri ilibaki katikati ya lami mpaka daraja lilipokwisha. Hakuna bango lililowahi kuheshimiwa namna ile.

Jioni hiyo, kazi ilipofungwa, nilivuka daraja kwa miguu. Mzee Ramadhani alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba yake, na mabinti walikuwa wanarudisha vitanda ndani. Nilisimama mbele yake bila bendera. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Barasa," aliniwahi, "yule memsahib ulipompa kijiti, alisemaje?"

"Alisema asante, mzee."

"Mbwa wake aliponipa mimi, alitikisa mkia." Akasogea kidogo kwenye jiwe, akaniachia nafasi. "Amebaki mtu mmoja tu aliyepokea kitu leo akakaa kimya."

Nikakaa. Nikamwambia asante. Ilikuwa imechelewa, kama kila kitu kilichopita kwenye daraja lile siku hiyo, lakini ilifika.